Namba ya Kwenye Shati

“Ziba mtaro wako, mama. Nimesema kwa mdomo, nimeandika barua nne, na sasa nasema tena mbele ya mashahidi.”

“Mashahidi gani? Hao kuku?”

“Maji yako ya kufulia yanaingia kwangu. Ukuta unalowa mpaka rangi inabanduka. Kwenye barua ya mwisho nimelieleza vizuri, aya ya pili.”

“Wewe baba, hata ukipiga chafya utaiandikia aya ya pili.”

Waliokuwa bombani walicheka, na kusema kweli ilichekesha. Karani alikuwa ameshika nakala ya barua yenyewe, imekunjwa mara tatu sawasawa, na Mama Fundi alikuwa na povu la sabuni mpaka viwikoni, beseni miguuni. Mtaa mzima ulimwita yule mzee Karani kwa sababu alilipigia jeshi chapa miaka ishirini, akastaafu, lakini ofisi haikumtoka kichwani. Ukimwaga takataka karibu na mlango wake, unapata barua. Jogoo wako akiwika mapema, barua. Tarehe juu, aya zenye namba, na chini kabisa saini yenye mkia mrefu unaokwenda mpaka ukingoni mwa karatasi kisha unarudi kujikata wenyewe.

Kicheko kilimchoma. Mtu aliyezoea kuandika ana shida hiyo, akizomewa mdomo unamtangulia.

“Basi mwambie shujaa wako atoke azibe yeye,” alisema. “Au bado anangoja medali nyingine ya kuokota?”

Hapo hakuna aliyecheka. Ndoo ya mtu ilijaa, maji yakamwagika, na mwenyewe asifunge bomba.

“Rudia,” Mama Fundi alisema.

Hakurudia. Aliingia kwake na kurudisha mlango polepole, kama mtu aliyedondosha chombo cha watu na anaomba kisiwe kimevunjika.

Nyumba ya pili yake, cherehani ilinyamaza. Fundi, binti wa nyumba, alikuwa na sare ya shule chini ya sindano na mguu umesimama juu ya pedali. Alimtazama baba yake. Sajini alikuwa ameketi kitandani, kaligeuzia dirisha mgongo, akisugua viatu ambavyo havikuwa vimetoka nje kwa wiki tatu.

“Baba, usimsikilize.”

“Nimsikilize nani? Mimi sijasikia kitu,” alisema Sajini, akaendelea kupiga brashi.

*

Wiki tatu ndizo zilizopita tangu gwaride la kumbukumbu. Sajini alikwenda kama anavyokwenda kila mwaka, koti lile lile, medali ile ile kifuani. Mwaka huu getini waliweka askari mwenye kompyuta. Kila mkongwe alitaja namba yake ya jeshi, askari akasoma, akamruhusu. Ya Sajini ilitoa miaka ya utumishi, majeraha mawili na tabia njema. Penye nishani paliandikwa hakuna.

“Mzee, hii umeitoa wapi?”

“Kwa kamanda wangu. Alinibandika kwa mkono wake.”

“Yuko wapi huyo kamanda?”

“Alishafariki.”

“Na hati yake?”

“Waliniambia itafuata.”

Askari hakuwa mtu mbaya. Alimvua Sajini ile medali taratibu, kama anayemvulisha mtoto nguo, akaitia kwenye bahasha, akamwandikia stakabadhi huku kila mtu kwenye foleni akiangalia viatu vyake mwenyewe. Chini ya stakabadhi kulikuwa na mstari mmoja: alete uthibitisho ndani ya siku thelathini, ama jina lake liingie kwenye orodha ya waliovaa nishani zisizo zao, na orodha hiyo itabandikwa kwenye mbao za ofisi zote za wastaafu na kusomwa kwenye gwaride lijalo.

Tangu siku hiyo Sajini hakukanyaga kwa kinyozi, alikokuwa akicheza drafti kila jioni na kusimulia habari za lori lililoungua. Wenzake walimtumia salamu mara mbili, kisha wakapata mtu mwingine wa kucheza naye. Na habari za kwa kinyozi mnazijua, kila kichwa kinachotoka pale kinatoka nazo. Wiki ya kwanza walisema faili limepotea. Wiki ya pili wakasema medali ilinunuliwa mnadani. Sasa Karani kasema ya kuokota, tena bombani, na maneno ya bombani hayafutiki.

*

Kesho yake Mama Fundi na binti yake walikwenda ofisi ya kumbukumbu kwa mara ya nne. Mara ya kwanza waliambiwa walete barua ya utambulisho na picha tatu. Mara ya pili picha zilikataliwa kwa kuwa zilipigwa kwenye pazia la maua. Mara ya tatu picha zilikuwa sawa, ila mwenye funguo za mafaili ya zamani alikuwa semina, na hakuna aliyejua semina inaisha lini. Kufikia sasa walikuwa wanaijua benchi, upande upi unachoma na upi una msumari.

Dirisha namba tatu lilikuwa na kioo kizima, na tundu dogo chini kabisa, hivyo kila mwenye shida ilibidi ainame ndipo asikike. Ndani alikaa mama mmoja mwenye miwani ya kamba.

“Nyinyi tena,” alisema.

“Sisi tena, mama. Endelea kutuona, mwisho mtatukatia sare.”

“Mwenyewe yuko wapi?”

“Mwenyewe anaumwa.”

“Anaumwa nini?”

“Anaumwa nyinyi.”

Fundi alimvuta mama yake nguo. Yule mama wa dirishani hakukasirika, alikuwa ameshasikia makubwa kuliko hayo. Alivuta faili, akalilambia kidole, akafunua.

“Orodha nimeipata. Tukio lipo. Lori kuungua, majeruhi watatu kutolewa. Tarehe ni hiyo hiyo mliyosema.”

“Si unaona?” Mama Fundi alimgeukia binti yake.

“Ngoja kwanza. Nishani imetolewa kwa namba hii hapa, na namba hii si ya mumeo. Ni ya askari mwingine, na huyo alifariki wiki moja baada ya tukio. Kwa karatasi zilizopo, mama, mzee wako anatembea na medali ya marehemu.”

Alilisema bila ubaya, kama anayesoma bei ya sukari. Nyuma yao foleni ilisogea ili isikie vizuri, na mtu mmoja akafyonza na kusema watu wana roho. Mama Fundi alikuwa bado ameinama.

“Dada, naomba nakala,” alisema Fundi.

“Nakala inaombwa kwa barua.”

“Naiandika hapa hapa.”

Aliiandika kwenye karatasi pekee aliyokuwa nayo mkobani. Mama wa dirishani aliisoma, akaigeuza, akakuta upande wa pili vipimo vya gauni la mtu, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Akaitazama sana. Kisha akaigonga muhuri.

Nje, kwenye ngazi, Mama Fundi alisimama ghafla hata mtu wa nyuma akamgonga. Kusoma hakusomi haraka, lakini chini ya ile orodha, penye jina la aliyeichapa, palikuwa na kitu kisichohitaji kusomwa.

“Huu mkia,” alisema.

“Mkia gani, mama?”

“Huu. Umekwenda mpaka ukingoni, ukarudi kujikata. Tunao mara nne nyumbani, chini ya godoro langu.”

*

Mtaa ulijua kwamba Karani alikuwa jeshini, na Sajini pia alijua. Lakini Karani alikuwa makao makuu, kwenye viti, na Sajini alikuwa kwenye matope, na watu wa viti na watu wa matope hawaonani. Alipoulizwa alichapa nini, Karani alijibu “mambo ya ofisi,” na nani angetaka kujua zaidi.

Fundi aliiweka nakala kwenye magoti ya baba yake. Sajini alisoma ile namba mara moja tu.

“Hii ni ya Mrefu.”

“Mrefu nani?”

“Mrefu. Tulilala hema moja.” Aliinua macho. “Imefikaje hapa?”

Wakaipata pole pole, kipande kwa kipande. Kikosi kilikuwa kinafua kwenye pipa moja kila likitoka jua, na asubuhi ile walipoitwa mashati yote yalikuwa kambani. Kila mtu alivuta lililo karibu. Sajini alivuta la Mrefu, mikono ikampita vidole, wenzake wakamcheka wakimwita padri. Lori lilipowaka mlango wake ulikuwa chuma kitupu kinachochoma, na ni mikono ile iliyozidi aliyoshikia mlango. Alitoa mmoja, akarudi, akatoa wa pili, akarudi. Alipomweka wa tatu chini, moshi ukamwangusha naye. Tabibu aliyemkuta pale hakuwa wa kikosi chao.

“Namba ilishonwa sehemu gani?” Fundi aliuliza. Kwa mtu wa kazi yake hilo ndilo swali la kwanza.

“Kifuani. Juu ya mfuko wa kushoto.”

“Basi tabibu alisoma shati, baba.”

Wiki tatu nzima Sajini alikuwa amejiuliza kama labda alisinzia kwenye moshi akaota kila kitu.

“Kamanda alinijua kwa sura,” alisema. “Alinibandika mimi. Hakulibandika shati.”

Mama Fundi alikuwa ameshanyanyua godoro.

*

Alikwenda peke yake. Karani alikuwa mezani na kikombe cha chai na kipande cha mkate, redio ikisema chini chini. Hakumkaribisha, naye hakungoja. Alizitandaza karatasi mbili mezani, barua ya mtaro kushoto na nakala ya orodha kulia, mkia na mkia.

“Leo sijaja kwa mtaro,” alisema.

Karani alizitazama. Akavua miwani, akaikunja, akaikunjua.

“Ile mashine ilikuwa inaruka herufi,” alisema mwishowe.

“Sijaulizia mashine.”

“Namba ilitoka kwa tabibu, mama. Nikaiangalia kwenye daftari, likatoka jina la marehemu, ila wakati ule alikuwa bado hai. Nikachapa. Nakala kumi na moja kwa kaboni. Kosa lilinifikia limeshafanyika.”

“Halafu?”

Redio ilitaja saa.

“Halafu ikaja barua ya kamanda. Anasema shati halikuwa la mtu yule, rekebisheni. Wiki hiyo mwenzangu mmoja alikuwa amelala mahabusu kwa kupoteza ukurasa mmoja tu. Nikasema nitaipeleka Jumatatu.”

“Jumatatu ipi?”

Mama Fundi alivuta kiti ambacho hakuna aliyempa, akakaa.

“Ulijua kwamba ni sisi?”

“Siku ya pili baada ya kuhamia. Mumeo alikuja kunisaidia kushusha lile kabati. Akajitambulisha kwa jina kamili, unajua watu wa jeshi walivyo. Jina lenyewe nilikuwa nalo kwenye barua.”

“Miaka kumi na sita.”

“Na miezi minne,” alisema Karani, kwa mazoea tu, kisha akaona aibu.

“Na ule mtaro?”

“Mtaro unavuja kweli, mama.” Aliusogeza mkate mbali kidogo. “Lakini ulipoanza kuvuja nilishukuru. Mtu mliyegombana naye hakualiki kwake. Hakai na wewe akakusimulia vita.”

Mama Fundi alikuja na matusi yamepangwa vizuri, ya kumtosha yule mzee na ukoo wake. Sasa aliyatafuta yote na hakuona pa kuanzia, na hilo lilimuudhi kuliko kitu kingine chochote.

“Barua ya kamanda iko wapi?”

Karani aliinuka. Hakutafuta, alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, lile lile, akatoa kopo la biskuti lenye kutu kwenye mfuniko.

“Sijawahi kutupa karatasi maishani mwangu,” alisema.

“Kesho saa mbili. Utaibeba mwenyewe.”

“Wanaweza kunifungia pensheni.”

“Wanaweza,” Mama Fundi alisema, akatoka, na mlango akauacha wazi.

*

Sajini alivaa koti. Kifuani palibaki matundu mawili ya pini, na Fundi alipotaka kuyaziba kwa uzi alimshika mkono, basi akaacha. Walitoka kwa miguu, mzee mbele, mke na binti katikati, na Karani nyuma hatua kama ishirini, kopo kwapani. Walipopita kwa kinyozi kete za drafti zilisimama. Sajini hakusalimia, akaangalia mbele kama yuko gwarideni.

“Sema kwa sauti, mzee wangu,” alisema mama wa dirishani. “Kioo hiki.”

“Barua hii ilinifikia mimi,” alisema Karani.

“Kwa nini hukuipeleka mbele?”

Alisema kitu.

“Sikusikii.”

Karani aliinama zaidi, paji la uso likagusa kioo. “Niliificha.”

Safari hii walisikia wote, mpaka waliokuwa mlangoni.

“Kwa muda gani?”

“Miaka thelathini na moja.”

Mama wa dirishani alivua miwani, ikaning'inia kwenye kamba. Aliisoma barua ya kamanda mara mbili, akaukwaruza muhuri kwa ukucha, akaichukua. “Wewe utaandika maelezo,” alimwambia Karani. “Kwa aya. Utaitwa.” Siku nyingine Mama Fundi angecheka hapo. Leo alikuwa anamwangalia mumewe, aliyesimama wima na mikono nyuma.

“Basi,” mama wa dirishani aliendelea, “jina la mzee halitaingia kwenye ile orodha ya ubaoni. Hilo nimelisimamisha sasa hivi. Kusahihisha faili na kurudisha nishani ni kazi ya kamati.”

“Inakaa lini?” Fundi aliuliza.

“Mara moja kwa mwaka.”

“Mwaka huu itakaa lini?”

“Ilikaa wiki iliyopita.”

Mama Fundi alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko. Alitaka kumwambia yule mama kwamba mumewe anakaribia sabini, kwamba usiku anakohoa moshi wa mwaka ule mpaka leo, kwamba siku ile ile kamati ilipokaa wao walikuwa hapa kwenye benchi wakibishana kuhusu pazia la maua. Lakini kabla hajainama, Sajini aliinama.

“Na Mrefu mtamwandika nini?”

“Nani?”

“Mwenye hiyo namba.”

“Ataondolewa nishani. Faili lake litabaki na utumishi.”

“Shati lilikuwa lake,” alisema Sajini. “Bila mikono ya lile shati nisingeushika ule mlango. Andika hapo kwamba shati lilikuwa lake.”

Mama wa dirishani aliitazama fomu. Kwa kweli aliitazama, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

“Hakuna nafasi ya hilo, mzee wangu.”

“Andika pembeni.”

“Pembeni hairuhusiwi.”

“Neno moja tu.”

“Foleni, mzee wangu,” alisema yule mama kwa upole, akasukuma chini ya kioo stakabadhi ya pili, inayosema kwamba ya kwanza imepokelewa.

*

Waliporudi mpangilio ulivunjika. Sajini alipunguza mwendo mpaka Karani akamfikia, na wanawake wakajikuta wako mbele, masikio nyuma.

“Nakala kumi na moja,” alisema Sajini.

“Kumi na moja.”

“Zote kwa namba ya Mrefu.”

“Zote.”

Walipita kwa kinyozi tena. Mmoja wa wacheza drafti alinyanyua mkono kwa kusitasita, na Sajini akanyanyua wake, nusu.

“Mama yake Mrefu alipelekewa moja?”

“Ya tisa,” alisema Karani. “Alimtafuta mtu akamwandikia barua ya kushukuru. Nayo ninayo.”

Sajini alitikisa kichwa, mara moja, kama anayepokea taarifa.

“Hiyo ya tisa msiiguse,” alisema. “Waambie hao wa kamati.”

“Nitaiandika kwenye maelezo.”

“Iandike.”

Mlangoni maji ya asubuhi yalikuwa bado yanajikokota kwenye mtaro, yakafika penye ufa, yakakata kona kwenda kwa jirani. Karani aliyaruka, akaanza kutafuta ufunguo mifukoni, kopo likimsumbua kwapani. Fundi aliingia kupasha chakula moto. Sajini alivua koti, akaligeuza, akalitundika na matundu yake yakiangalia ukuta.

“Sahani nne,” alimwambia mkewe.

“Ngapi?”

“Umesikia.”

Mama Fundi alisimama na mfuniko wa sufuria mkononi. Kulikuwa na ugomvi wa miaka kumi na sita na miezi minne usio na pa kwenda, na mtu wa kummwagia alikuwa nje anahangaika na kitasa. Aliuweka mfuniko chini kwa kishindo. Akachukua jagi la maji na beseni, lile lile la kufulia, akatoka.

“Wewe baba.”

Karani aligeuka haraka, kama aliyeitwa dirishani.

“Sijakusamehe, tusidanganyane. Na huu mtaro kesho utauziba wewe.”

“Ndiyo, mama.”

“Bila barua.”

“Bila barua.”

“Weka hilo kopo chini, lete mikono.” Alimmiminia maji, mengi kuliko yanayohitajika, hata yakamlowesha mikono ya shati, naye akasimama tu akinawa, akinawa. “Inatosha sasa, utatoka ngozi. Ingia ule, chakula kinapoa.”